Mashine yako imezaliwa lini?

(Haya niliyaongea Jumamosi mbele ya vijana wa klabu ya kompyuta. Waliniomba niyaandike, nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, sikuyapanga upya.)

Wakubwa shikamooni, rika langu habari za mchana, wadogo zangu mambo vipi. Kabla sijaanza naomba kila mwenye laptopu aifungue. Mwenye Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, fungua teminali, dirisha la kuandikia amri, andika stat, acha nafasi, weka slashi (/), bonyeza enta, halafu soma mstari wa mwisho ulioandikwa Birth. Hiyo ndo tarehe mfumo wako ulipozaliwa, siku diski ilipofomatiwa. Mwenye Windows fungua ile skrini nyeusi andika systeminfo utafute Original Install Date, ingawa kwenye Windows 10 na 11 hiyo tarehe inabadilika kila ikija apdeti kubwa kwa hiyo ukiona ni ya karibuni usishtuke sana.

Haya tusomeane. Wiki iliyopita. Mwezi jana. Jumatano. Juzi Alhamisi saa nane usiku... asante sana mdogo wangu kwa kututajia na saa, maana hapo kwenye saa nane usiku ndipo ninapotaka tukae leo, kwenye hii tabia ya kufuta mashine na kuweka mfumo mpya kila mara.

Mimi nilikuwa na daftari. Kila nikipiga mfumo mpya naandika tarehe, jina la distro, yaani aina ya Linux, toleo na sababu. Nilianza 2009 na mstari wa mwisho ni wa Desemba 2016, na siku nilipokaa kuhesabu nikakuta mara 143. Ukizigawa kwa hiyo miaka ni kama kila baada ya wiki mbili na ushee, na hizo ni zile nilizokumbuka kuandika. Nakuja kuwaambia kilichokuwemo kwenye ile safu ya sababu, lakini kwanza tuangalie huu mchezo umetokea wapi, maana hatukuuanzisha sisi.

Sisi wa miaka ile kompyuta tulifundishwa na fundi wa mtaani, na fundi wa mtaani alikuwa na dawa moja tu. Mashine nzito, piga windo, yaani futa kila kitu uweke Windows upya. Sauti haitoki, piga windo. Printa haisomi, piga windo, lete elfu kumi uje kuchukua jioni. Na simlaumu, kwa wakati ule ilikuwa sawa kabisa, Windows XP ya 2001 ilikuwa inaruhusu kirusi kilichomo kwenye flashi kijiendeshe ukiifungua tu, kwa hiyo flashi moja inazunguka darasa zima na kufika jioni mafolda ya watu wote yamegeuka shotikati, utaanza kutibu faili moja moja mpaka lini? Kwenye intaneti kafe waliweka Deep Freeze, ile programu ukizima mashine ukiwasha kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa asubuhi, mteja akiharibu hakijaharibika. Tumekulia humo. Tumezoea kwamba mashine ikiumwa haiulizwi inaumwa nini, inafutwa.

Halafu tukakutana na Linux tukiwa na tabia hiyohiyo mkononi.

Na Linux ikatukuta vizuri kweli, maana kule Windows ilikuwa moja, huku zipo mamia. Mnajua Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi tu pale Chuo Kikuu cha Helsinki alipotangaza kaneli yake, ule moyo wa mfumo, mwaka 1991, na kwa sababu ni huria kila mwenye nguvu akaifungasha kwa namna yake. Slackware na Debian 1993, Gentoo na Arch zikapata miguu 2002, Fedora 2003, Ubuntu Oktoba 2004, Mint 2006, na hapo sijataja watoto wa Ubuntu na wajukuu wa Arch. Ukiziangalia kwa ndani kaneli ni ileile, kama Hiace za daladala, injini moja, kinachobadilika ni rangi, maandishi ya kioo cha nyuma na redio. Tofauti za kweli zipo, sikatai, kuna namna ya kuleta vifurushi vya programu, kuna ratiba ya matoleo, Ubuntu inatoa kila Aprili na Oktoba wakati Arch haina toleo, inatembea tu kila siku, na Gentoo kwa kawaida inakutaka ujijengee programu kutoka kwenye msimbo wake, mashine inakesha inapika. Lakini mtu anayehama kila wiki mbili hafiki kwenye hizo tofauti. Anaishia kwenye rangi na redio.

Niseme na hili maana ni la moyoni. Mimi niliingia huku kwa mapenzi. Nilikuwa kijana sina hela ya bando, na ile kampuni ya Ubuntu ya Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini, ilikuwa na utaratibu wa kukutumia sidii bure kwa posta popote ulipo duniani, ulikwisha 2011. Bahasha yangu ilikuja kwenye sanduku la posta la kazini kwa baba. Nikasoma maana ya hilo jina, ni neno la Wazulu na Waxhosa, na sisi hapa tunalo lilelile tunasema utu. Yaani nimeshika sidii ya bure imetoka ng'ambo na jina lake ni utu. Na miaka michache kabla ya hapo, 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeshatoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi, menyu zote Kiswahili, na siku nilipoiona kwa mara ya kwanza nilikaa naisoma menyu moja baada ya nyingine kama mtu anasoma barua ya nyumbani. Kwa hiyo mtu asije akanielewa vibaya, kudadisi mashine siyo ugonjwa. Kilichofuata baadaye ndo ninachokiongelea.

Kilichofuata ni usiku. Mnaujua huo usiku. Umenunua bando la usiku, saa sita linaanza, unashusha ISO, lile faili moja lenye mfumo mzima, na za siku hizi Ubuntu inakula karibu giga sita, ya Debian ile ndogo haifiki giga moja. Unaichoma kwenye flashi. Unabuti, yaani unaiwasha mashine kupitia ile flashi. Unachagua lugha, saa za Dar es Salaam, kibodi, jina lako, na ule mstari unaanza kutembea, asilimia 12, 40, 77, mpaka 100. Ukiwasha upya skrini ni safi haina kitu, hakuna folda inayoitwa "mpya mpya 2", hakuna ripoti ambayo hujamaliza, hakuna ile faili ya mteja ambaye hupokei simu yake. Kila kitu kinawezekana. Unaweka fonti, unaweka thimu, unapanga aikoni, alfajiri inaadhiniwa unapiga picha ya skrini yako unalala.

Unaamka saa tano na ripoti bado haijaandikwa.

Sasa ile safu ya sababu kwenye daftari. Nilikuwa nimeandika maneno ya kitaalamu kabisa, majina ya mionekano na vipande vya ndani vya Linux. "Gnome mpya nzito." "Unity sijaipenda." "systemd, najaribu isiyo nayo." "Fonti hazijakaa sawa." Siku moja nikachukua kalenda ya zamani ya chuo nikaziweka tarehe pembeni kwa pembeni, na nikajisikia vibaya sana, maana zilikuwa zinasongamana wiki ya mitihani, wiki ya kukabidhi ripoti ya fildi, wiki niliyokuwa nimechukua kazi ya watu ya kutengeneza mfumo wa stoo na sikujua nianzie wapi. Kwenye likizo ndefu, miezi miwili sina presha ya mtu, nilikuwa nimepiga mara tatu tu. Mwezi mmoja wa mitihani mara tisa! Unity haikuwa na kosa, wala fonti. Kulikuwa na kazi ngumu isiyo na ule mstari wa kuonyesha umefika asilimia ngapi, na pembeni yake kuna kazi nyepesi yenye mstari unaofika 100 kila mara. Mtu aliyechoka na mwenye hofu atakwenda kwenye mstari. Ni kitu kinachoeleweka kabisa, ndo maana sijaja hapa kumsema mtu vibaya.

Na ubaya wake, kila hatua ina sura ya kazi. Ukicheza gemu usiku kucha nafsi yako inajua umecheza. Ukipiga Arch usiku kucha unaamka unajiona mtaalamu.

Kuna mtu mmoja huwa namfikiria nikifika hapa, Donald Knuth, profesa wa Stanford. Mwaka 1977 hakupenda namna matbaa walivyopanga kurasa za kitabu chake, herufi zilikuwa mbaya, akaamua atengeneze mwenyewe programu ya kupanga maandishi, TeX, akidhani ni kazi fupi. Ikamchukua karibu miaka kumi. Mtu anaweza kusema ndo yaleyale, ameacha kitabu anachezea fonti. Ila angalia alichofanya baadaye. Programu ilipofika toleo la 3 mwaka 1990 alisema basi, haiongezwi kitu tena, ni kurekebisha makosa tu, na kila rekebisho namba ya toleo inaongezwa tarakimu moja ya pai, 3.1, 3.14, 3.141, mpaka sasa ipo 3.141592653. Na akarudi kwenye vitabu vyake. Mimi mara 143 sikuwahi hata mara moja kusema basi.

Sasa nifike Desemba 2016, mstari wa mwisho wa daftari.

Mjomba wangu ana duka la vifaa vya ujenzi, saruji, misumari, mabati, rangi. Nilikuwa nimemwekea kompyuta ya mezani mwenyewe, nimemwekea Linux, nimemfundisha LibreOffice Calc, programu ya majedwali ya hesabu, na alikuwa ameipenda kweli, ameacha kaunta buku, miaka mitatu ya madeni ya wateja ipo kwenye faili moja, nani amechukua mifuko mingapi na amepunguza shilingi ngapi. Nimeenda likizo. Mashine yake ilikuwa inafanya kazi vizuri, naomba mlishike hilo, hakuna aliyelalamika. Mimi tu niliona toleo limezeeka, nikataka nimpe zuri zaidi, na mchana wateja wakiwa wamepungua nikakaa nichome ISO kwenye flashi kwa kutumia dd, amri ya kunakili. Mnaijua dd. Haiulizi. Unaiambia chukua hiki andika kule, inaandika. Flashi ilikuwa sdb, diski ya mashine yenyewe ilikuwa sda. Mimi nikaandika sda.

Sekunde kadhaa. Mwanzo wa diski ya mjomba, na ile ramani ya patisheni, yaani migao ya diski, imefunikwa na ISO.

Hapo bado kulikuwa na nafasi, na hili ndo linaloniuma mpaka leo kuliko ile herufi. dd ilikuwa imefunika chini ya giga moja kwenye diski ya giga 250. Yaliyobaki yote yalikuwa pale pale. Ningeizima ile mashine, nikaitoa diski, nikaichomeka kwingine, ipo programu inaitwa TestDisk ya Mfaransa Christophe Grenier, kazi yake ni kutafuta patisheni zilizopotea, na ndugu yake PhotoRec anayeokota mafaili hata ramani ikiwa imekufa. Ningekaa, ningesoma, ningeuliza mtu. Lakini mimi mashine ikiharibika nilikuwa najua kitu kimoja tu. Kwenye begi kulikuwa na flashi ya distro nyingine ya wiki iliyotangulia. Nikaichomeka, nikachagua tumia diski yote, ule mstari ukatembea mpaka 100, mashine ikawaka safi, nzuri, tupu. Ndo nikakumbuka faili. Baadaye tuliiendesha PhotoRec siku mbili tukapata vipande, majina bila hesabu, hesabu bila majina.

Bakapu? Haikuwepo. Mimi ndo nilikuwa wa kuiweka.

Mjomba hakunigombeza. Aliniuliza, "Kwa hiyo haipo?" nikasema haipo mjomba, akakaa kimya, halafu akamtuma kijana wa dukani akanunue kaunta buku. Wiki nzima iliyofuata wateja wakija anawaambia ukweli, kompyuta imepoteza hesabu, naomba kila mmoja aniambie mwenyewe anachodaiwa. Na mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye gunia nasikiliza. Wengi walisema. Mzee mmoja alitaja mifuko sita na mjomba akamwambia mimi nakumbuka minne, yule mzee akasema ni sita, ya choo ulisahau. Wapo pia waliosema hawadaiwi kitu, na mjomba anajua wanadaiwa, akasema iandikwe sifuri mbele yao. Hizo sifuri niliziandika mimi, alinipa kalamu niandike maana mwandiko wangu unasomeka.

Nilirudi nikaliweka daftari langu chini ya godoro na kwa karibu miaka mitatu sikupiga mfumo wowote kwenye mashine yoyote, nilibaki na uliokuwepo na uchafu wake wote.

Na hapo ndo nilipoanza kujifunza kompyuta. Nasema kwa dhati. Baada ya kupiga mara 143 nilichokijua ni kufunga tu, ningeweza kugawa patisheni nimefumba macho, ila ukiniuliza mashine inapitia nini kutoka kubonyeza swichi mpaka kuona jina lako sikujua. Nilikuwa sijawahi kukaa na tatizo zaidi ya nusu saa. Lililonifungulia mlango lilikuwa dogo, waifai ilipotea baada ya apdeti. Zamani ningefuta. Safari hii nikakaa. Nikabuti nikachagua kaneli ya zamani kwenye ile menyu ya GRUB inayotokea mashine ikiwaka, waifai ikarudi, kumbe! Mfumo unakutunzia kaneli ya nyuma, GRUB inakuonyesha, na mimi miaka yote ile menyu nilikuwa naipita. Nikarudi kwenye mpya nikaandika journalctl -b -p err, logi, daftari la matukio ya mashine, ikaniambia kwa maneno inatafuta faili fulani la femiwea, programu ndogo ya kuendesha kifaa chenyewe, na haioni. Jioni mbili. Jioni ya kwanza nilijua femiwea ni nini na inakaa folda gani, ya pili nikalipata lile faili nikaliweka mahali pake, nikawasha upya, waifai hiyo. Nikasimama chumbani peke yangu nimeinua mikono. Ile furaha haikufanana hata kidogo na ya skrini tupu, maana hii iliniachia kitu kichwani ambacho hakifutiki na flashi.

Najua mnataka kusema nini, kaka mbona tunajifunza kwa kuvunja. Ni kweli. Vunjeni. Lakini vunjeni ndani ya VirtualBox, programu inayokupa kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta yako, au tafuta kompyuta ya mtumba iliyokufa betri uiweke chini ya meza iwe ya kuvunja tu, na ile yenye kazi zako isiguswe. Mwenye kutaka Gentoo aijenge huko, na akiivunja asiifute, aitengeneze. Na zipo siku kufuta ni lazima, diski imekufa, mashine imeingiliwa na mtu na huijui tena, au kama hivi sasa Windows 10 ilivyoachwa kutunzwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025 na wengi wenu mna mashine zisizoikubali 11, hao hameni, mimi mwenyewe nitawasaidia. Chagueni moja mkae nayo. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na wengi niliozunguka nao enzi zile leo wamerudi Debian au Mint wanafanya kazi zao, huwasikii.

Na wewe wa Alhamisi saa nane usiku, sikuulizi ulikuwa na asaimenti gani siku ile. Ila leo ukirudi usiku ukajikuta unashusha ISO, chukua karatasi uandike ni kitu gani kinatakiwa kesho. Usiniletee, kiandike tu ukisome.

Yangu hii hapa mezani, mje muione. Birth yake Novemba 2019. Ilizaliwa Debian 10, ikapanda 11 mwaka 2021, ikapanda 12 mwaka 2023, ikapanda 13 mwaka 2025 Agosti, bila kufutwa. Ina makovu, kuna mafaili ya konfigi, ya mipangilio, sijui niliyaweka lini, kuna folda inaitwa "mpya mpya 2". Na nyumbani kwa mjomba kompyuta ipo, alikubali tena mwaka 2020, ila kaunta buku hakuiacha, kila jioni anaandika kote kuwili na kila Jumapili nakala inaenda kwenye flashi anayotembea nayo kwenye ufunguo wa duka.

Basi, Jumamosi ijayo kuanzia saa nne nitakuwa hapa hapa. Mwenye mashine iliyoharibika ailete ikiwa imeharibika hivyohivyo, msiipige usiku wa Ijumaa mkaniletea nzima. Njooni na chaja, na mwenye ekstensheni aje nayo maana soketi za humu ni mbili.